Tumnunulie chombo gani cha nyimbo?



Mwaka wa shule ukikaribia kwisha, na siku za Kipaimara zikifuatana katika parokia zetu, wazazi na wasimamizi huanza kuulizana juu ya zawadi. Zamani jibu lilikuwa jepesi: rozari, kitabu cha sala, saa ya mkono, na kwa mwenye uwezo, baisikeli. Siku hizi wengi hutaka kumpa kijana chombo kidogo cha nyimbo, kile kiingiacho katika mfuko wa shati na kubeba nyimbo mamia kwa mamia. Twaulizwa: Je, zawadi hii yafaa? Na kama yafaa, tuchague kipi, maana dukani vimepangwa kama dagaa sokoni?

Jibu letu ni hili: kabla hujakitazama chombo, mtazame kwanza atakayekipokea. Yatazame masikio yake, macho yake, vidole vyake, mahali alalapo na umeme aupatao. Wengi hufanya kinyume. Huingia dukani, huuliza kipi king'aacho zaidi, kipi chenye namba kubwa juu ya boksi, hulipa na kurudi nyumbani wakifurahi. Zawadi ya namna hiyo hupendeza juma moja, kisha hulala sandukuni pamoja na vitu vingine vilivyokufa.

Je, simu haitoshi?

Mtu atasema: «Kwa nini kununua chombo cha nyimbo tu, na simu yafanya yote?» Neno hili lina haki yake. Aliye na simu nzuri hahitaji kitu cha pili, na fedha ya nyumba si ya kuchezea. Lakini simu huleta nyimbo pamoja na mengine mengi: picha, habari za usiku, marafiki wasiojulikana, na kiu ya kununua megabaiti kila siku. Chombo cha nyimbo chafanya kazi moja, nacho hakimwiti mtoto kila dakika. Tena shule nyingi za bweni zakataza simu. Hata hivyo, usifikiri kwamba shule ikatazayo simu itakubali chombo hiki bila neno. Mwulize mkuu wa shule kwanza. Ni vibaya zawadi ya baba kuishia katika kabati ya mkuu wa nidhamu.

Chombo hiki kimetoka wapi?

Babu zetu walijua kinanda cha santuri, kilichotaka meza yake na mtu wa kukizungusha. Halafu zikaja kanda, na mwaka 1979 kampuni Sony ya Ujapani ikauza Walkman, mashini ya kanda ambayo mtu aliweza kutembea nayo. Wakati ule ule wataalamu walikuwa wakitafuta njia ya kuugeuza wimbo uwe hesabu. Huko Erlangen, Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer, Karlheinz Brandenburg na wenzake walichunguza jambo moja la ajabu: sikio la binadamu halisikii kila sauti iliyomo katika wimbo. Ngoma ikilia kwa nguvu, sauti nyembamba iliyo karibu nayo humezwa. Basi, walisema, zile sauti ambazo sikio halizipati tuziache, wimbo uwe mwepesi. Hiyo ndiyo asili ya MP3, jina lililochaguliwa mwaka 1995.

Faida yake yaonekana kwa hesabu. Dakika moja ya muziki katika sahani ya CD huchukua megabaiti kama 10. Katika MP3 ya kawaida, yenye kilobiti 128 kwa sekunde, dakika ile huchukua megabaiti 1 hivi. Mwaka 1998 kampuni Saehan ya Korea ya Kusini ikauza chombo cha kwanza cha namna hii, MPMan. Mwaka 2001 Apple ya Marekani ikatoa iPod, nayo ikaenea ulimwenguni hata watu wakavita vyombo vyote kwa jina lake.

Twaandika haya kwa sababu yanamhusu mnunuzi. Mwezi wa Mei 2022 Apple ilitangaza kwamba haitaunda iPod tena. Kwa hiyo ile utakayoonyeshwa leo sokoni ni ya zamani, na mara nyingi imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Betri yake imezeeka pamoja naye. Tena iPod ya zamani hutaka kompyuta yenye programu yake ili kuingiza nyimbo. Kumpa mtu asiye na kompyuta chombo hiki ni kumpa kisima kisicho na kamba. Afadhali chombo kisicho na jina kubwa, lakini chenye kupokea kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo kijana aweza kuijaza kwa rafiki au kwa fundi na kuirudisha mahali pake.

Wapokeaji watatu

Na tuwatazame watu watatu, ili maneno yetu yasiwe ya hewani.

Wa kwanza ni mwanafunzi wa bweni. Yeye ahitaji chombo chepesi, chenye vitufe vya kweli ambavyo kidole kinavijua hata gizani, na betri idumuyo saa nyingi, kwa maana huenda akapata umeme mara moja tu kwa siku chache. Redio ya FM ndani yake ni faida kubwa: husikiwa bila kununua megabaiti hata moja. Ila ajue kwamba katika vyombo vingi waya wa visikilizio ndio antena. Akiuchomoa, redio hunyamaza. Kioo kipana cha picha hakimfai. Hula betri, huvunjika mapema, na humvuta kutazama pale alipotaka kusikiliza tu.

Wa pili ni katekista mzee, ambaye macho yake yamefifia. Kwake visikilizio ni usumbufu, na kioo ni ukuta mtupu. Mtafutie kisanduku chenye spika yake, vitufe vikubwa na mahali pa kadi. Chagua kile kianzacho kuimba pale pale kiliponyamazishwa, si kile kirudicho mwanzo kila mara. Juu ya kitufe cha kuanzisha gundisha kipande cha kitambaa au ushanga, ili kidole chake kikitambue. Panga kadi kwa utaratibu: rozari mahali pake, nyimbo mahali pake, masomo ya Biblia mahali pake. Rozari ya mafumbo matano, dakika 20 hivi, huchukua megabaiti 20 tu. Tena kisanduku chenye spika kina baraka nyingine: majirani nao husikia, na wajukuu hukaribia. Mzee hatakaa peke yake na sauti zake.

Wa tatu ni mwalimu wa kwaya. Huyu husikiliza kwa kujifunza. Chombo chake kiwe na uwezo wa kurudia kipande kimoja cha wimbo mara nyingi kama apendavyo, na kipokee hata nyimbo zisizopunguzwa sauti, kama zile za namna ya FLAC. Zaidi ya yote kiwe na kipaza sauti cha kurekodia, ili waimbaji wasikie makosa yao wenyewe. Tusidharau kazi ya kurekodi. Mwaka 1958, huko Kamina, padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na kwaya yake ya vijana waliimba Missa Luba. Santuri iliyorekodiwa mwaka ule iliwafikia watu wa Ulaya na Marekani, nao wakatambua kwamba Mkongo aweza kumsifu Mungu kwa sauti na ngoma zake mwenyewe. Kama wasingelirekodiwa, ni watu wangapi wangelijua?

Mwaona, wapenzi, kwamba watu hawa watatu hawawezi kupewa kitu kimoja. Kilicho chema kwa mmoja ni mzigo kwa mwenziwe.

Namna ya kununua bila kudanganywa

Wahenga wetu walisema: rahisi huvunja upishi. Udanganyifu mkubwa siku hizi uko katika kadi ya kumbukumbu. Juu yake yaandikwa namba kubwa, na chombo chenyewe huisoma namba ile, kwa maana kadi imefundishwa kusema uwongo. Utaingiza nyimbo bila kuzuiwa. Lakini nafasi ya kweli ikijaa, nyimbo mpya hufuta zile za kwanza au huingia zikiwa zimeharibika. Dawa yake ni moja: kadi ijazwe kabisa, kisha isikilizwe mwanzo, katikati na mwisho. Mama mmoja mwenye busara aweza kusema na mfanyabiashara hivi:

— Mama, chukua hii. Ni ya gigabaiti 512, na bei yake ni ndogo kuliko ya mfuko wa sukari!

— Asante, mwanangu. Basi ijaze nyimbo, kisha unisikilizishe ule wa mwisho.

— Mama, kazi hiyo itatuchukua siku nzima.

— Kama ni hivyo, nipe ile ya 8. Tutaijaza hapa hapa, nami nitangoja. Kisha unipe risiti yenye jina la duka.

Na hakukosa kitu mama huyu. Gigabaiti 8 ni dakika 8,000 hivi za MP3 ya kawaida, yaani zaidi ya saa 130. Mtoto akisikiliza saa moja kila siku, atapita miezi minne kabla ya kuurudia wimbo wa kwanza. Tena vyombo vingi vya bei ndogo havikubali kadi ipitayo gigabaiti 32. Mwenye kununua kadi kubwa zaidi huenda amenunua ghala isiyo na mlango.

Angalia pia mambo haya manne. Tundu la kuchajia lifanane na waya zilizoko nyumbani, asihitaji kutafuta ule usiopatikana. Tundu la visikilizio liwepo na lisiwe legevu. Baadhi ya vyombo vipya hayana tundu hilo, hutaka visikilizio visivyo na waya, ambavyo navyo hutaka kuchajiwa. Betri isiwe imevimba. Ukiona mgongo wa chombo umeinuka, usikinunue, na kama ni chako usikitoboe, kwa maana betri ya lithiamu yaweza kuwaka moto. Mwisho, uliza kama betri yaweza kubadilishwa na fundi wa mjini kwenu. Chombo ambacho hakifunguki kitakufa siku betri yake itakapokufa.

Masikio hayauzwi dukani

Sasa tumefika penye jambo kubwa kuliko yote. Chombo kikivunjika, fedha zaweza kupatikana tena. Sikio likiharibika kwa kelele, halirudi.

Ndani ya sikio, katika mfupa uliojikunja kama konokono, Muumba ameweka seli ndogo sana zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande. Sauti ikiingia, vinyweleo huinama kama majani ya mpunga penye upepo, na ubongo hupata habari. Upepo wa kadiri hauvidhuru. Lakini tufani ya kila siku huvivunja, na kwa binadamu seli hizi zikifa haziota tena. Hakuna padri wala daktari awezaye kuzipanda upya. Uharibifu huu hauumi. Kijana huona tu kwamba masikio yanalia kama nzi baada ya muziki, au kwamba amwombe mwalimu kurudia maneno. Akisubiri maumivu ndipo aamini, atakuwa amechelewa.

Shirika la Afya Ulimwenguni, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, limeweka kipimo: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa zile zile. Tena sheria ya sauti ni kali. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu yake huongezeka mara mbili, na muda wa salama hupungua nusu. Kwa mtu mzima, kwa desibeli 83 ni saa 20 katika juma; kwa 86 ni saa 10; kwa 89 ni saa 5 tu. Mwaka 2022 Shirika hilo lilisema kwamba vijana zaidi ya milioni elfu moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki na kelele za kujifurahisha.

Yatupasa tufanye nini? Chagua chombo ambacho mzazi aweza kukiwekea mpaka wa sauti, usiopitika bila namba ya siri. Kama hakina, mfundishe mtoto asipite sehemu 60 katika 100 za nguvu yake. Nunua visikilizio vinavyokaa vizuri masikioni, kwa sababu vile vilegevu huacha kelele za nje ziingie, na msikilizaji huongeza sauti ili kuzishinda. Visikilizio vya kadiri pamoja na chombo cha kadiri ni bora kuliko chombo cha fahari pamoja na visikilizio vya ovyo. Tena asivivae akivuka barabara au akiendesha baisikeli: pikipiki haibishi hodi.

Katika ibada ya ubatizo, padri aweza kuyagusa masikio ya mtoto akiomba ayasikie maneno ya Bwana. Je, sisi wasimamizi, tuliosimama karibu na kisima cha ubatizo, tutampa zawadi itakayoyafunga masikio yale yale?

Jasho lililomo ndani yake

Kuna neno jingine ambalo Mkongo hawezi kulisahau. Betri nyingi za vyombo hivi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo ulimwenguni hutoka katika nchi yetu, pande za Kolwezi na Likasi. Baadhi ya vipande vidogo vishikavyo umeme ndani ya mashini za namna hii hufanywa kwa tantali, nayo hupatikana katika koltani, ile ambayo ndugu zetu huichimba huko Masisi na kwingineko Kivu. Wengi wameichimba kwa mikono, na watoto wamekuwa miongoni mwao. Udongo wetu ulikwenda mbali, ukarudi kwetu ukiwa na bei.

Hatusemi kwamba kwa hiyo ni dhambi kununua. Twasema kwamba kitu chenye jasho la ndugu kisitupwe kama ganda la ndizi. Kitunzwe, kisiachwe juani, kitengenezwe kabla ya kununuliwa kingine. Betri iliyokufa isitupwe motoni wala mtoni. Na kama katika nyumba kipo kizima ambacho mkubwa ameacha kukitumia, kisafishe, kitie betri mpya, kifunge kwa karatasi nzuri, ukakitoe. Hakuna aibu katika zawadi hiyo.

Usikitoe kitupu

Neno la mwisho ni hili: chombo kitupu ni nusu ya zawadi. Kabla ya kukitoa, kitie kitu. Usidhani twataka kijae nyimbo za kanisa peke yake. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 katika urithi wa binadamu. Kijana na aijue, aijue ile nzuri. Lakini nunua nyimbo kwa haki kila iwezekanapo, kwa maana mwimbaji naye ana watoto wa kulisha.

Juu ya hayo, tia kile kisichouzwa popote. Mwombe bibi aimbe ule wimbo wa kubembelezea watoto anaoujua yeye peke yake kijijini. Mwombe babu ataje majina ya wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Baba na aseme baraka yake kwa mwana anayekwenda mbali. Dakika 10 za maneno hayo zachukua megabaiti 10, nafasi ndogo kuliko nyimbo tatu. Lakini usiku mmoja katika bweni, mtoto akiwa na homa au hamu ya nyumbani, atazipita nyimbo zote mia tano, aitafute sauti ya mama yake. Na miaka ikipita, bibi akiwa ameitwa na Bwana, ukoo mzima utakuja kumwomba kijana yule awasikilizishe.

Basi, wazazi na wasimamizi wapenzi, msiende dukani mbio. Kaeni kwanza, mjiulize: ni nani atakayesikiliza, atasikiliza wapi, na atasikiliza nini? Mkiisha kujibu maswali hayo matatu, nusu ya vile vilivyopangwa dukani vitajiondoa vyenyewe, na mfanyabiashara hatawachagulia. Mungu awajalie watoto wetu masikio mazima, na maneno mema ya kuyajaza.